Nani atakuona? Vifaa vya kuitia msaada kwa mzamiaji wa bahari yetu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mafunzo ya kuongoza wazamiaji wa mitungi, na mwezi wa saba naanza kazi Pemba, upande wa magharibi. Boti ni ya faiba, ina mashine mbili, na nahodha ana simu na redio ya mkononi. Nimeambiwa kila mwongozaji ajinunulie vifaa vyake vya dharura. Naona vitu vingi: maboya, filimbi, vioo, taa za kumweka, na vile vya setilaiti ambavyo bei yake inanizidi. Nina shilingi laki tatu na nusu. Nianze na kipi? Na hicho cha setilaiti, kwa bahari yetu, kina faida kweli?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Umeuliza kabla hujanunua, tena kabla ya mwezi wa saba, ambao kusi huwa imeshika hasa. Hilo limenifurahisha sana.

Nikusimulie kwanza lililonipata. Mwaka 2003 nilikuwa mwongozaji kijana kama wewe, tukizamia kwenye ukuta wa matumbawe magharibi ya Pemba, mimi na wageni watatu. Tukiwa chini, mashine moja ya boti ikazima. Nahodha akainama kuishughulikia, na alipoinua kichwa mapovu yetu yalikuwa yameshampotea. Tulipoibuka boti ilikuwa kusini kwetu, mbali kidogo. Tuliiona vizuri kabisa. Ikaenda, ikarudi, ikazunguka, na yenyewe haikutuona. Boya langu lilikuwa fupi, halifiki mita moja, la mdomo wazi. Kila likipigwa na wimbi linalala na kutema hewa. Filimbi niliipuliza mpaka midomo ikavimba. Baada ya saa tatu hivi tuliokotwa na mashua ya wavuvi, kilomita kama kumi kaskazini ya pale tulipoibukia. Kilichotuokoa ni kioo kidogo ambacho mgeni mmoja alikuwa nacho mfukoni mwa jaketi la kuzamia, lile linalotiwa hewa. Mzee aliyeshika usukani aliniambia, "Filimbi hatukuisikia, na boya hatukuliona. Tuliona kitu kinamemeta. Tukasema hiyo chupa. Lakini chupa gani inamemeta, inakoma, inamemeta, inakoma?"

Tangu siku hiyo sianzi tena na kifaa. Naanza na mtu: ni nani atakayeipokea ishara yangu, yuko upande gani wa upepo, na ana nini mkononi au machoni cha kuipokelea? Kwa sisi wa pwani hii, wa kwanza ni nahodha wako mwenyewe. Wa pili ni mvuvi, awe kwenye dau, mashua au ngalawa. Wa tatu ni feri, meli, au ile ndege ndogo inayopita kati ya Unguja na Pemba. Setilaiti ni ya mwisho kwa mpangilio huo, ingawa siku nyingine ndiyo itakayobaki peke yake. Nitakujibu kwa kuwafuata hao.

Kwanza bahari yenyewe. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una kina kinachozidi mita 800, na maji ya pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi maji hayo yanaweza kufikia kasi ya mita moja na nusu kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita tano kwa saa. Piga hesabu: nahodha akikukosa kwa nusu saa tu, umeshakwenda zaidi ya kilomita mbili na nusu. Huwezi kuogelea kushindana na maji hayo, hata ungekuwa na mapezi ya namna gani. Na upepo wa kusi nao unasukuma kuelekea huko huko. Kwa hiyo boti inayokutafuta mara nyingi itakuwa kusini kwako, upande wa joshini, kule upepo unakotoka. Lishike hilo, nitalirudia kwenye filimbi.

Kitu cha pili ni udogo wako. Kichwa cha mtu majini, kikiwa na kofia nyeusi au nywele zilizolowa, ni kama kifuu cha nazi. Bahari ikiwa shwari nahodha atakiona. Kusi ikitoa mawimbi yenye vichwa vyeupe, mita mia mbili tu zinatosha kukumeza. Wageni hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu wao wanaiona boti vizuri. Boti ina urefu, ina rangi, na iko juu ya maji. Wewe uko ndani.

Ndiyo maana fedha yako ya kwanza, na fungu kubwa la fedha hiyo, itakwenda kwenye boya. Nazungumzia lile refu kama soseji, linalokunjwa mfukoni na kutiwa hewa ukiwa bado chini. Usichukue la chini ya mita 1.8. Fupi ni rahisi kulibeba na bei yake ni ndogo, lakini nakuomba usijaribiwe. Wimbi la mita moja na nusu likisimama kati yako na nahodha, boya la mita moja haliko. Upana nao una kazi: lililonyooka kama bomba jembamba hukunjika katikati upepo ukizidi, basi tafuta lenye upana wa kutosha kusimama imara.

Angalia mdomo wake. Ya mdomo wazi chini ni rahisi kuyatia hewa, lakini yakilala juu ya maji hewa inatoka yote, kama langu la 2003. Chukua lenye mdomo wa valvu, hewa inayoingia haitoki mpaka uitoe mwenyewe, na liwe na valvu nyingine ya kupunguza hewa ikizidi, lisije likapasuka njiani. Maana hewa hutanuka kadiri inavyopanda. Ukiwa mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, hivyo hewa utakayotia itakuwa mara mbili ikifika. Ukiwa mita 20 itakuwa mara tatu. Theluthi moja ya boya ukiwa mita 20 inalijaza boya zima. Bora pia liwe na njia ya kupuliza kwa mdomo, kwa sababu siku unayolihitaji sana mtungi unaweza kuwa umekauka.

Rangi iwe ya machungwa iliyokoza, au ile ya waridi kali. Nyekundu ya kawaida hufifia machweo yakikaribia. Yako maboya yenye upande mmoja wa machungwa na mwingine wa njano, na sehemu nyingi njano imekuwa ndiyo ishara ya "tuna shida, njooni". Hakuna sheria ya bahari nzima kuhusu hilo, kwa hiyo usidhani nahodha wako anajua. Mwambie. Juu kwenye ncha kuwe na ukanda unaorudisha mwanga, na kama una nafasi ya kuchagua, chukua lenye kijifuko kidogo ndani au kitanzi juu cha kushikizia taa.

Kamba yake izungushwe kwenye bobini ya mkononi. Mita 30 zinakutosha kwa kazi yako. Usijifunge kamba hiyo mwilini wakati wa kulirusha boya, hata kwa sekunde, kwa sababu ikinasa itakupandisha nayo na mapafu yako hayatakusamehe. Mimi nalirusha nikiwa kati ya mita 10 na 5, kabla ya kituo cha usalama, pale tunaposimama kidogo kabla ya kuibuka. Zile dakika tatu za kusubiri ndizo nahodha anazopata za kukusogelea, na ukiibuka anakuwa ameshafika. Ukiwa juu, vuta kamba kwenda chini ili boya lisimame wima. Hapa wengi wanakosea: boya lisilovutwa linalala, na likilala ni mstari mwembamba tu juu ya maji, hauoni hata mwenye macho ya mwewe.

Lirushe kila siku, hata pale mashine ya boti iko karibu unaisikia. Mkono uliozoea hautetemeki. Na lioshwe kwa maji baridi ya kisima kila jioni, valvu ikikauka na chumvi ndani hufa bila kukuaga. Kila mgeni wako naye awe na la kwake; mmoja akiachana na kundi, yeye ndiye aliyepotea, si wewe.

Filimbi sasa. Bei yake ni ndogo, na lazima uwe nayo. Chukua isiyo na punje ndani, ile ya plastiki, kwa sababu punje ikilowa inakwama. Ifunge kwenye bomba la jaketi karibu na bega, mahali mdomo unapoifikia bila kutafuta. Lakini ujue inamfikia nani. Nahodha mwenye mashine mbili zinazonguruma haisikii, hata akiwa mita hamsini. Na nilikwambia boti itakuwa joshini: upepo unaibeba sauti yako kaskazini, demani, ikimpa kisogo yule unayemwita. Filimbi ni ya wazamiaji wenzako waliotawanyika, ni ya dau la tanga lisilo na mashine, ni ya usiku mtulivu. Kwa nahodha itafaa kwa sharti moja, nalo ni makubaliano: akiwa anatafuta, kila baada ya dakika chache azime mashine zote, asimame, asikilize. Hakuna kifaa cha dukani kinachoongeza uwezo wa filimbi kama kitendo hicho, na hakigharimu kitu.

Ipo pia honi inayounganishwa kwenye bomba la hewa la jaketi, inalia kwa hewa ya mtungi. Sauti yake ni kali kweli, huwezi kuilinganisha na filimbi. Inataka mtungi ubaki na hewa, na kiungo chake kilingane na bomba lako. Si ya kuanzia.

Kioo nakipenda kwa sababu unazijua. Cha waokoaji kina tundu katikati la kulengea, kipo cha chuma kisichoshika kutu na cha plastiki ngumu. Hiki kinafika mbali kuliko vyote utakavyoweza kununua kwa fedha yako: jua likiwa wazi, mmweko wake unaonekana umbali wa kilomita 15 na kuzidi. Wanaoupokea ni wengi, mvuvi, feri, rubani, na hakuna anayehitaji chombo zaidi ya macho. Namna ya kulenga ni hii. Nyosha mkono wa kushoto mbele, tenganisha vidole viwili, uiweke boti katikati yake. Kioo kiwe karibu na jicho mkono wa kulia, mwanga wake uangushe juu ya vidole vyako, kisha utikise taratibu ili upite juu ya boti. Usiuache umetulia; aliyeniokoa alivutwa na kule kumemeta na kukoma. Kasoro zake unaziona mwenyewe: mawingu, usiku, na jua likiwa mgongoni kwako moja kwa moja huku boti iko mbele. Kama fedha itakwisha kabla hujafika kwenye kioo, diski ya zamani ya muziki, ile inayong'aa yenye tundu katikati, inafanya kazi hiyo hiyo kwa miezi michache. Ifunge kwa kamba. Kitu kisichofungwa kwa kamba baharini hesabu umeshakitupa.

Wengine watakwambia habari za rangi ya kijani inayomwagwa majini na fataki za mkono. Rangi inamfaa anayetafuta kwa ndege, na huku kwetu ndege ya kutafuta haitoki upesi. Fataki ziwe kwenye boti, si kwako. Chache zimetengenezwa kustahimili kina.

Taa nataka uisome kwa makini, maana hapa pwani yetu ina jambo lake. Watu husema, mimi nazamia mchana, taa ya nini? Ukishuka saa tisa alasiri na kuibuka saa kumi, ukakosekana saa mbili tu, jua linatua. Na huku karibu na Ikweta giza halibembelezi: nusu saa baada ya machweo huoni mkono wako. Ukiwa na taa ya mkononi tu, inayowaka mfululizo, nani atakayekupokea? Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi wa dagaa wamejaa baharini na karabai zao na hizi taa za betri za siku hizi. Kwa nahodha anayetafuta, wewe ni mvuvi mmojawapo. Taa moja nyeupe kati ya taa nyeupe. Ndiyo maana nakushauri taa ya kumweka, inayowaka na kuzima kwa kasi yake isiyobadilika. Hakuna mvuvi wa dagaa anayewasha taa ya namna hiyo, na wao wenyewe wakiiona watajua kuna jambo. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hao hawatoki, kwa hiyo taa yoyote itaonekana, ila nao wa kukuokota hawapo.

Taa hiyo iwe ya kina kinachozidi unakokwenda; ziko zinazoitwa haziingii maji, kumbe ni za mvua tu. Soma mita zilizoandikwa. Betri za lithiamu zinakaa miaka bila kuisha, zile za kawaida kwa joto letu hutoa maji na kula chuma. Iwashe mara moja kwa wiki uione. Ukiwa na tochi pia, usiku mmulike nahodha kidogo tu ageuke, kisha irudishe kwenye boya, uilaze chini yake imulike kwa ndani. Boya litawaka zima kama kandili, na yeye anayekuja na pangaboi zinazozunguka ataona mahali pa kusimama badala ya kupofuka.

Sasa setilaiti. Kuna vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya, na tofauti yake ni anayepokea.

Cha kwanza hutuma mahali ulipo kwa njia ya AIS, mfumo ambao vyombo hutangaziana jina na mahali vilipo, na kuita kwa VHF, ile redio ya vyombo vya majini, kwenye chaneli 70 iliyotengwa kwa miito ya namna hiyo. Cha Nautilus Lifeline ndicho wazamiaji wanachokifahamu zaidi, kinastahimili mita 130. Ni chombo kizuri sana pale ambapo boti yako ina kipokezi: jina lako linatokea kwenye skrini ya nahodha, anakufuata kama anavyofuata ramani. Lakini umeniambia nahodha wako ana redio ya mkononi. Redio nyingi za mkononi hazisomi mwito wa chaneli 70, na AIS hazioni kabisa. Wavuvi ndiyo usiseme. Wanaobaki ni feri na meli kubwa, zenye AIS kwa mujibu wa sheria, na antena yako iliyo shibiri moja juu ya mawimbi haifiki mbali. Kwa hiyo usikinunue mpaka kampuni inunue kipokezi. Zipo sasa redio za mkononi zinazopokea vyote viwili. Liseme kwenye kikao, kwa heshima, na uliseme tena.

Cha pili ni bikoni binafsi, inayopiga kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat. Mfumo huu ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovyeti ya wakati huo, na uokoaji wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1982. Hauna ada ya mwezi. Ukiifungua antena na kubonyeza, inatuma kila baada ya sekunde 50 hivi, na betri inatakiwa ihimili saa 24 kwa uchache. Yenye GPS inaonyesha ulipo kwa kosa la mita mia moja na kitu. Isiyo nayo, kosa ni kilomita kadhaa, usinunue hiyo. Zile mpya zinazotumia huduma ya Galileo, setilaiti za Ulaya, iliyoanza Januari 2020, zina kitaa kinachokujulisha kwamba ujumbe umepokelewa. Kwa aliye peke yake majini, hicho kitaa ni nusu ya uhai.

Uliuliza kama kwetu ina faida. Ndiyo, ina faida, ila uijue njia yake. Ujumbe hautui kwa nahodha wako. Unatoka setilaiti, unashuka kituo cha ardhini, unakwenda kwa kituo cha uokoaji wa majini cha eneo hilo. Kwa upande wetu vipo Dar es Salaam na Mombasa. Hicho cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 2006 kuhudumia nchi kadhaa za ukanda huu. Pale mtu anafungua kumbukumbu za bikoni yako na kuwapigia simu watu ulioandika. Hapo ndipo kila kitu kinasimama au kuanguka. Kama bikoni haijasajiliwa, anaanza kuulizia chombo gani, cha nani. Kama imesajiliwa kwa jina la shangazi yako aliyeko Tanga asiyejua leo umezamia wapi, hali ni ile ile. Andika nambari ya msimamizi wa kambi yenu, na ya mtu wa pili ambaye simu yake haizimwi. Mpe kila asubuhi mpango wa siku. Yeye akipigiwa na kituo, atampigia nahodha wako, na nahodha wako ndiye aliye karibu kuliko meli yoyote ya serikali.

Ukinunua, uliza imewekwa msimbo wa nchi gani, kwa sababu usajili hufuata msimbo. Wa Tanzania huanza na 674 au 677, wa Kenya 634. Ya Ulaya iliyowekwa msimbo wa huko husajiliwa huko. Nambari yake ya herufi na tarakimu 15 ipige picha uiweke nyumbani. Pia nyingi zinastahimili mita 10 au 15 tu, hivyo inataka kijikopo chake cha kuzamia chenye kifuniko cha kubana, na mpira wa kifuniko hicho upakwe mafuta yake. Ukiibonyeza kwa bahati mbaya izime, kisha utoe taarifa. Usinyamaze kwa aibu, watu wataanza kukutafuta kweli.

Bei yake ni kama dola 300 hadi 400 za Marekani, na fedha hiyo huna leo. Usikope. Hata ungekuwa nayo, boti itakayotumwa itafika mahali ulipokuwa, na wewe mkondo unakuchukua. Zile mita mia za mwisho hazimalizwi na setilaiti, zinamalizwa na boya lako lililosimama wima. Ndiyo maana mwenye bikoni asiye na boya ananitia hofu kuliko mwenye boya asiye na bikoni. Msimu wa kwanza ukipita, changishaneni waongozaji, au mwombe mwenye kambi: bikoni moja kwa kila kundi linaloshuka, anayo mwongozaji.

Laki tatu na nusu yako basi: boya na bobini yake kwanza, ukitoa hapo zaidi ya nusu bila kinyongo, filimbi, kioo, taa ya kumweka. Vyote vinaingia mfuko mmoja wa jaketi. Ukiona fedha inakaza, afadhali taa isubiri mshahara wa kwanza na mpaka hapo usikubali kushuka baada ya saa nane mchana.

Liko jambo moja hukuliuliza, na siwezi kuliacha. Januari 1998, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, mtu na mkewe, Wamarekani, waliachwa baharini na boti iliyowapeleka. Walihesabiwa vibaya. Siku mbili zilipita ndipo ikagundulika, baada ya mifuko yao kuonekana bado iko botini. Hawakupatikana. Kifaa gani kingewasaidia, ikiwa hakuna aliyekuwa anawatafuta? Mwaka 2008 huko Komodo, Indonesia, wazamiaji watano wa Ulaya walichukuliwa na mkondo wakatupwa kisiwa cha Rinca, wakakaa siku mbili wakila chaza na kuwatupia mawe wale kenge wakubwa mpaka walipopatikana. Wao walikuwa wanatafutwa.

Kwa hiyo hesabu watu kwa majina, si kwa vichwa. Kila mmoja aitike kwa sauti yake, mmoja asimwitikie mwenziwe. Na kabla ya kuruka, wewe na nahodha mkubaliane kwa maneno: tunashuka saa ngapi, mwisho ni dakika 50, ikipita dakika ya 60 boya halijaonekana anaanza kufanya nini. Aweke alama ya pale mliporukia kwenye GPS ya simu yake. Nahodha niliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa na ada ya kutupa kifuu cha nazi majini kila tuliporuka, anakitazama kinavyokwenda, na hapo alijua atufuate wapi. Akianza kutafuta, ashuke na mkondo, asizunguke pale pale. Siku za bamvua uwe na hofu zaidi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hasa mahali penye mlango mwembamba. Ukienda Mafia siku moja, utaona kwenye mlango wa Kinasi maji yakipwa yanavyotoka Ghuba ya Chole kama mto, yakikuelekeza bahari kuu.

Na mkipotea: jaza hewa jaketi, tupa risasi za uzito, bakisheni mapezi na miwani. Shikamaneni, mfungane kwa ile kamba ya bobini, kwa sababu watu wanne waliokaa pamoja ni doa, na mmoja mmoja ni kifuu. Maji yetu ya mwezi wa saba ni nyuzi 25 hivi, hayaui haraka, lakini baada ya saa kadhaa mtu anatetemeka na kuanza kuchoka kufikiri. Kumbatianeni. Msiogelee kushindana na mkondo.

Kabla hujaanza kazi, fanya jaribio moja. Mwombe nahodha asubuhi moja isiyo na wageni akushushe mahali salama, ndani ya ghuba, pamoja na mwenzako. Aende mita mia tatu, ageuke, akutafute bila boya. Kisha kwa boya lililolala, kisha lililosimama. Kisha aende kilomita moja, kisha mbili, nawe tumia kioo, halafu filimbi mashine zikiwa zinanguruma, halafu zikiwa zimezimwa. Mrudie na jioni kwa taa, mkiwa karibu na gati. Andika kila umbali aliokupotezea, na uniletee hizo nambari. Nataka kujua macho ya nahodha wako yanaishia wapi.